Walioanzia Mwisho

Vitabu vilikuwa vichache na wanafunzi walikuwa wengi, kwa hiyo tulivikata.

Kazi hiyo niliifanya mwenyewe kwa wembe, juu ya meza ya ofisi ya walimu, huku mwalimu wa taaluma akinishikia kurasa zisipeperuke. Kila nakala ilitoa sehemu tatu, na kila sehemu niliishona mgongoni kwa shazia, ile sindano ya magunia, na uzi wa katani. Katika shule iliyo upande wa Rudewa katani haikosekani. Mashamba ya mkonge yalikufa zamani, lakini kila nyumba bado ina kitita cha nyuzi mahali fulani. Sehemu ya kwanza ilikwenda kwa safu ya madawati iliyo karibu na mlango, ya pili kwa safu ya katikati, ya tatu kwa safu ya dirishani. Wakimaliza, wanabadilishana. Tulichokuwa tunajali ni kwamba, ufikapo mtihani wa taifa, kila mtoto awe amesoma riwaya nzima. Ameianzia wapi, hilo hatukujiuliza.

Riwaya yenyewe si ndefu. Ni habari ya msichana wa familia ya wachoma mkaa, watu ambao kazi yao huwahamisha: miti ikiisha upande huu, wanafunga masufuria na kuku na kuelekea upande mwingine. Msichana anaonja shule na kuipenda. Siku ya kuhama anajificha ndani ya shamba la mahindi mpaka sauti za ndugu zake wanaomwita zinakoma, kisha anatoka na kwenda kuishi kwa mwalimu wake. Katika sehemu ya pili anakua, anasoma, anapenda na kuachwa, anafaulu. Katika sehemu ya tatu anarudi kuwatafuta watu wake. Anapita msitu kwa msitu, na kila anapofika anakuta tanuri lililopoa. Ukurasa wa mwisho unamwacha ameinama, mkono wake ndani ya majivu, akipima kama yana joto.

Nimekifundisha kitabu hicho kwa miaka kadhaa sasa, na kila mwaka kinaligawa darasa. Lakini mwaka ambao haujanitoka ni ule wa binti mmoja wa Kidato cha Nne aliyekaa safu ya dirishani. Wazazi wake walikuwa wafugaji waliotoka Kanda ya Ziwa. Walikuwa wamefika kwetu yeye angali mdogo. Alikuwa mrefu, mtaratibu, mwenye tabia ya kunyamaza mpaka mtu amsahau.

Tulifanya mdahalo. Hoja ilikuwa kwamba msichana wa riwaya alifanya vyema kubaki. Safu ya mlangoni ikaiunga mkono kwa makofi kabla hata msemaji wake hajafika mbele.

"Madam, huyu dada ni jembe," alisema kijana mmoja. "Angewafuata, mpaka leo angekuwa anapuliza moto na kukohoa."

"Na angeolewa na mchoma mkaa mwenzake," akadakia msichana mmoja kutoka vijiji vya milimani, na darasa likacheka.

Binti wa dirishani alisimama bila kunyoosha mkono, jambo ambalo hakuwahi kulifanya.

"Mimi sioni wa kumpigia makofi hapa," alisema. "Mtu mnayemsifu alishakufa. Anatembea tu."

"Sasa wewe unatuletea mambo ya misukule," kijana yule akasema.

"Ndiyo. Msukule hajui kama amekufa. Wanaojua ni watu wa nyumbani, waliokaa matanga."

Kicheko kilianza, kikafifia. Msichana wa milimani hakutaka kuacha ukimya ule ushinde.

"Unawatetea wale wazazi kwa sababu na ninyi mnahama kama nzige," alisema.

"Nzige haachi samadi," binti akajibu, akakaa. Safari hii waliocheka walikuwa safu ya dirishani peke yao, na walicheka kwa sauti ndogo, kama watu walioko msibani.

Mwalimu wa taaluma alikuwa amesimama mlangoni akisikiliza. Ni mtu mzima kuliko mimi, amekulia karibu na misheni ya Berega, na kitabu kile hakukipenda tangu siku ya kwanza. Tulipokuwa tunarudi ofisini aliniambia, "Umeona lakini? Hawajagawanyika kwa kabila wala kwa dini. Wamegawanyika kwa madawati."

Nilisimama pale pale uani. Ilikuwa kweli. Walioanza na mwanzo walikutana kwanza na mtoto mwenye hamu ya kusoma, na walipofika kwenye majivu walikuwa wamekwisha kumpenda. Wakayaona majivu kama bei ya safari, bei kubwa lakini ya halali. Walioanzia mwisho walikutana kwanza na mwanamke aliyeinama peke yake msituni. Hata walipokuja kuisoma ile siku ya mahindi, hawakumsikia shujaa aliyejificha. Waliwasikia wanaoita.

"Na wewe uko safu ipi?" nilimuuliza.

"Mimi ni wa amri ya tano, waheshimu baba yako na mama yako," alisema. "Kitabu kinachomfundisha mtoto kunyamaza mama yake akiita, hata kikiwa na Kiswahili kizuri namna gani, siwezi kumpa mwanangu."

"Na amri ya kufaulu?"

"Hiyo ni ya kwako na ya watu wa elimu wilayani."

Huenda mambo yangeishia hapo, katika utani wa ofisini, kama msimu ule usingekuwa wa ugomvi. Ng'ombe waliingia kwenye mahindi ya watu, vijana wakapigana kwa fimbo, vikao vikafuatana, na mwishowe ikaamuliwa kwamba baadhi ya familia za wafugaji ziondoe mifugo kabla ya mvua. Familia ya binti ilikuwa mojawapo. Baba yake alikuwa na ndugu upande wa Mikumi aliyesema malisho yapo. Mtihani ulikuwa bado, lakini haukuwa mbali.

Binti alinifuata ofisini wakati wa mapumziko. Alisimama mbele ya meza yangu, mikono nyuma.

"Madam, nikienda sifanyi mtihani. Nikibaki, nitakuwa yule."

Sikumuuliza yule ni nani. "Yule ni wa kitabuni," nilimwambia.

"Ndiyo, madam. Lakini aliyemwandika alimtoa wapi?"

Nilimweleza kwamba nyumbani kwangu, Mabwerebwere, kuna chumba, na kwamba ningezungumza na baba yake. Alishukuru kwa adabu zote, akaondoka akiwa na uso wa mtu aliyeongezewa mzigo.

Baba yake alikuja kabla sijamwita. Aliegemeza fimbo yake ukutani, nje ya mlango, akaingia akiwa ameshika kofia.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba, mwalimu. Habari za kazi?"

Tulimaliza salamu kama zinavyotakiwa, za nyumbani, za watoto, za mifugo, za mvua ambayo haijaja. Ndipo akasema, "Nimesikia kuna kitabu kinamliza mtoto. Mama yake amenambia. Mimi shule sikwenda. Nisomee."

"Ni kirefu kidogo, mzee."

"Basi nisimulie. Ng'ombe wana mtu."

Nilimsimulia. Nimekisimulia kitabu kile kwa wanafunzi, kwa wakaguzi, kwa wazazi waliokuja kulalamika, lakini sijawahi kusikilizwa namna ile. Aliuliza walikata miti gani. Aliuliza kama walihama kiangazi au masika. Mwalimu wa taaluma, kwenye meza ya pili, alikuwa ameinamia madaftari na kalamu yake haikusogea. Nilipofika kwenye majivu mzee aliigeuza kofia mikononi mwake.

"Hao watu walipohama, hawakuacha neno?"

"Neno gani, mzee?"

"Kwa mtu yeyote. Kwa muuza chumvi, kwa mwenye kisima. Kwamba tumeelekea kule, mtoto akija mwambieni."

"Kitabu hakisemi."

"Basi aliyekiandika hajawahi kuhama," alisema. "Mtu anayehama hawezi kuondoka kimya. Atarudije? Atafuatwaje?"

Mwalimu wa taaluma alishindwa kujizuia. "Lakini mzee, mtoto ndiye aliyejificha. Aliwakataa."

"Ndama akijificha kwenye majani, mwalimu, utasema amekukataa?" Akageuka kwangu. "Wangu hatajificha. Atabaki mchana, watu wakimwona. Na sisi tutaacha neno kila tutakapolala. Mtihani ukiisha, atatufuata kwa maneno hayo mpaka afike."

Alipoondoka, mwenzangu alivua miwani. "Huyo hakichambui kitabu," alisema. "Anajifariji."

"Wewe je, na amri ya tano?"

Alivaa tena miwani. Alirudi kwenye madaftari yake.

Waliondoka mchana, kama alivyosema. Mama na watoto wadogo walikuwa wametangulia na fuso la mizigo. Wanaume wakapita na ng'ombe nyuma ya shule, na binti akasimama barazani, na shule nzima ikasimama naye. Baba yake alinyanyua fimbo, naye akanyanyua mkono. Vumbi lilikaa hewani muda mrefu baada ya kengele za ng'ombe kwisha kusikika. Msichana wa milimani, yule wa nzige, ndiye aliyemshika bega na kumrudisha darasani.

Miezi aliyokaa kwangu sijui niielezeje bila kuonekana kama mtu anayetafuta mizimu. Mimi ni mwalimu, nimesoma chuo, na mume wangu alipofariki nililala katika nyumba ile ile bila kuwasha taa. Lakini binti alipohamia, nilianza kuhisi kwamba tuko watatu. Aliamka alfajiri, saa ya kukamua, na kwa kuwa hapakuwa na cha kukamua alisimama uani, viganja vikiwa wazi. Nikipita koridoni mchana, nilisikia ukurasa ukifunuliwa katika chumba chake, na nikiingia ninamkuta yuko nje anafua. Alikula kidogo na kwa unyenyekevu, kama mtu anayekula chakula kilichotengwa kwa ajili ya mwingine. Nikimuita, haitiki mara ya kwanza. Kwanza anainua kichwa na kutega sikio upande wa barabara ya Mikumi, halafu ndipo ananijibu mimi.

Simu ya baba yake ilipatikana kwa majuma ya mwanzo. Baadaye ikawa haipatikani. Binti hakulalamika, alisema huenda wako mahali pasipo na umeme wa kuchajia. Alipokuwa anafanya marudio ya mtihani nilimwona akiisoma tena riwaya, na safari hii kwa mpangilio, sehemu ya kwanza, ya pili, ya tatu. Nilimuuliza kama imebadilika.

"Haijabadilika, madam," alisema. "Ukishaujua mwisho, mwanzo wote unanukia moshi."

Darasani walikuwa bado wanabishana, lakini kwa namna nyingine. Hawakusema tena juu ya msichana wa riwaya wakimtazama mwalimu. Walisema wakimtazama binti. Kijana wa safu ya mlangoni aliendelea kumsifu mhusika kwa juhudi kubwa, na ilinichukua muda kuelewa kwamba alikuwa anamwombea mwenzake.

Mtihani uliisha. Kesho yake tulipanda basi la Mikumi, mimi na yeye, na neno la kwanza tulilikuta njiani, kwa mlinzi wa josho la kuogeshea ng'ombe ambaye dereva alikubali kusimama kumuuliza. Alimwangalia binti kupitia dirishani.

"Wewe ndiye yule aliyebaki?"

"Ndiyo."

"Baba yako anasema usipite mnadani, upite kwa mama anayeuza maziwa Mikumi, pale malori yanapolala."

Mama wa maziwa naye alikuwa na neno lake. "Ahaa, yule aliyebaki," alisema, akamkagua toka juu mpaka chini kama anayehakikisha. Akatuelekeza nyuma ya vilima, mbali na mpaka wa hifadhi, na kutuitia bodaboda mbili za watu anaowafahamu. Huko tulikokwenda, mtoto aliyekuwa akichunga mbuzi aliuliza swali lile lile. Mzee alikuwa amekitimiza kiapo chake. Katika kila kituo alikuwa ameacha neno, na lile neno, kwa kupita mdomo hadi mdomo, lilikuwa limegeuka jina. Nilimwona binti akilipokea kila lilipotajwa. Hakulikataa hata mara moja.

Tulifika saa za alasiri, kabla ya ng'ombe kurudi. Aliyetuona wa kwanza ni mdogo wake wa mwisho, ambaye alikuwa ameanza kutembea vizuri tangu walipoachana. Alitutazama, akakimbilia ndani akisema kuna wageni.

Mama yake alitoka. Alimkumbatia bintiye muda mrefu, bila kulia, akimpapasa mgongo kama mtu anayetafuta mahali palipovunjika. Kisha akanisalimu, akatoa viti viwili vya plastiki, akavipangusa kwa kanga yake, akaviweka kivulini. Viti vilikuwa viwili tu. Binti alibaki amesimama, kwa kuwa mama yake alikuwa amesimama.

"Kaa," mama alimwambia. "Umechoka na safari."

Alikaa kwenye ukingo. Baada ya kitambo aliinuka achukue ndoo, na mdogo wake wa kike akaiwahi. "Acha, dada, utachafuka." Binti akaenda jikoni kutafuta chumvi, akarudi mikono mitupu, kwani vitu vilikuwa vimepangwa upya na hakutaka kupekua. Chakula kilipoiva, maji ya kunawa yaliletwa kwangu kwanza, halafu kwake, halafu kwa wengine. Hakuna aliyekosea jambo. Walimtendea kwa upendo mkubwa, na kwa heshima, na heshima ndiyo iliyokuwa inaniumiza kutazama.

Baada ya kula, watoto walimtaka awaambie alichokuwa anasoma huko. Akawasimulia riwaya. Alisimulia kwa Kisukuma, na mimi niliifuata kwa mikono yake: hapa mahindi, hapa kujificha, hapa shule. Alipofika karibu na mwisho alisita, halafu akausema wote, mpaka kwenye majivu. Mama yake alikuwa anachagua mchele kwenye ungo, na aliuliza kwa Kiswahili, nadhani kwa ajili ya mgeni.

"Mama yake alikuwa wapi?"

Katika midahalo yote, mlangoni na dirishani, katika ubishi wote wa ofisini, hakuna aliyewahi kuuliza hilo.

"Hakuandikwa, mama," binti alisema.

"Waliomwita siku ile, mama hakuwemo?"

"Wanasema ndugu zake. Hawakumtaja yeye."

Mama aliokota chuya, akaitupa. "Aliita," alisema. "Mara ya kwanza aliita. Kisha akaona mahindi yanatikisika na upepo haupo, akanyamaza. Akawaambia wengine, twendeni, hayupo huku."

Binti alikuwa amemkazia macho mama yake, na mama alikuwa amekazia macho mchele.

"Hakuna kitabu kinachosema hivyo," binti alisema polepole.

"Kingesemaje? Yule mtoto alikuwa mahindini. Hakuona."

Baba alirudi na mifugo, akiwa na furaha ya mtu ambaye hesabu yake imetimia. "Umeona, mwalimu?" aliniambia kabla hata sijamaliza shikamoo. "Neno halikupotea." Nilikubaliana naye. Halikuwa limepotea.

Asubuhi, tukiwa kwenye chai, mama alituuliza mimi na bintiye tunaondoka saa ngapi. Aliuliza kwa ukarimu, ili atufungie vitafunio vya njiani. Nilidhani binti angecheka, angesema, mama, mimi nimefika. Matokeo yalikuwa bado. Hapakuwa na shule ya kumwita. Chumba kwangu kilikuwepo, lakini hakikuwa na haraka.

Alitazama kikombe chake. "Tukimaliza chai, mama," alisema. "Tuwahi basi."

Mama yake alichukua begi la binti, akalibeba mwenyewe kichwani, akatusindikiza. Tulipita boma, tukapita zizi, tukapita mti wa mwisho wenye kivuli, mpaka mahali njia ya nyumbani inapokutana na barabara. Hapo akalishusha begi, akamfunga bintiye kifungo cha shati kilichofunguka, akatuaga sote wawili kwa maneno yale yale, akageuka. Mtu wa nyumbani hasindikizwi. Binti alilijua hilo kabla yangu. Alisimama akitazama mgongo wa mama yake mpaka ulipoingia kwenye majani, ndipo akaliinua begi.